"Mjomba, nimeitwa kwa mahojiano"

Yapo makosa ambayo mtu huomba yafie chumbani. Langu nitalianika hapa leo, kwa sababu majuma matatu yaliyopita nilipogusia habari za ufadhili wa masomo ya ng'ambo kwa wanafunzi wa shule za upili, barua zilimiminika kama mvua ya masika. Wazazi wanauliza kama mambo hayo ni ya kweli. Wanafunzi wanauliza waandike wapi. Baba mmoja wa Buruburu ameuliza, tena kwa ukali, iwapo mimi nimewahi kumpeleka mtoto wangu huko au nawachochea tu wana wa wenzangu.

Basi sikiliza, msomaji.

Mwaka jana nilikuwa nikikata njia katikati ya jiji, kijana mmoja akanitia kikaratasi mkononi. Kilikuwa na picha ya dunia, bendera zimeizunguka kama shanga, na maneno makubwa ya kuwaalika wanafunzi werevu wawe "raia wa ulimwengu". Nilikitia mfukoni bila kukisoma vizuri. Jumapili iliyofuata nilienda Kayole kumjulia hali dada yangu, na baada ya chai nikamkabidhi binti yake kile kikaratasi kama mtu anayegawa peremende. Nikaongeza na maneno ya utu uzima: "Mwanangu, wenzako wanaenda. Wewe umekaa tu?"

Dada yangu huuza mitumba. Mumewe ni dereva wa lori la masafa marefu, Mombasa hadi Kampala, wakati mwingine hadi Kigali. Si watu wenye akiba, lakini binti yao ana kichwa, na mama mtu alisikia neno la kaka yake akaliamini. Alifunga safari hadi kwenye ofisi iliyoandikwa kwenye kikaratasi, ghorofa ya tatu, akapokewa na bwana mwenye tai na sauti ya upole. Akaambiwa ada ya kuandikishwa ni Sh15,000 na kwamba zimebaki nafasi nne tu. Fedha hizo alizikopa kwenye chama chake.

Juma la pili aliporudi kuuliza, alikuta mlango una kufuli jipya. Fundi wa saa aliye jirani na mlango huo alimwambia kwamba yeye ni mtu wa kumi na moja kuja kuuliza siku hiyo.

Dada yangu hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniumiza. Angenitukana, ningelala.

Kwa hivyo miezi michache baadaye mpwa wangu aliponipigia simu na kuniambia kwamba mwalimu wake wa Jiografia amemweleza kuhusu vyuo fulani ambako vijana wa mataifa mengi husoma na kulala pamoja, na kwamba eti kuna ufadhili, nilimkatiza. "Safari hii," nikamwambia, "Mjomba atasoma kwanza."

Nilisoma. Na nikiri kwamba nilikuwa nikitafuta ulaghai, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilichokipata ni kisa kirefu kuliko nilivyotarajia, na sehemu yake moja ilinirudisha hapa hapa nyumbani.

Vyuo hivyo huitwa United World Colleges, kwa kifupi UWC. Viko 18 ulimwenguni. Cha kwanza, Atlantic College, kilifunguliwa mwaka 1962 ndani ya ngome ya kale iitwayo St Donat's, ufuoni mwa bahari huko Wales. Mwenye wazo lake alikuwa mwalimu Mjerumani wa ukoo wa Kiyahudi, Kurt Hahn.

Bwana huyu hakuwa mtu wa maneno matupu. Mwaka 1932, wafuasi watano wa Hitler walimpiga mtu hadi kumuua katika kijiji cha Potempa, na Hitler akawaunga mkono wauaji hadharani. Hahn wakati huo alikuwa mkuu wa shule ya Salem. Aliwaandikia waliowahi kuwa wanafunzi wake akawataka wachague: ama Hitler, ama shule yao. Mwaka uliofuata Hitler alishika serikali na Hahn akatiwa ndani. Alipoachiliwa alihamia Uingereza, na mwaka 1934 akaanzisha shule ya Gordonstoun kule Scotland.

Wakati wa vita aliona jambo lililomshangaza. Meli zilipozamishwa katika Atlantiki, mabaharia vijana wenye misuli walikuwa wakikata tamaa na kufa upesi kuliko wazee waliozoea taabu za bahari. Mwaka 1941 akashiriki kuanzisha mafunzo ya Outward Bound ili kuwapa vijana ule ukakamavu usiopatikana vitabuni. Kisha mwaka 1955 alialikwa kuhutubia chuo cha ulinzi cha NATO huko Paris, akawakuta maafisa waliokuwa wakilengana bunduki miaka kumi tu iliyotangulia wamekaa darasa moja. Akajiuliza: ikiwa watu wazima wenye damu mikononi wanaweza kusoma pamoja, kwa nini tusiwakutanishe wakiwa na umri wa miaka kumi na sita, kabla ya vita?

Hapo ndipo nilipokumbuka Loitokitok. Watu wa rika langu walisikia sana habari za ile shule ya milimani ya Outward Bound chini ya Kilimanjaro, ambako vijana na maafisa hupelekwa wakapandishwa mlima hadi wamkumbuke mama. Mzizi ni huo huo. Na ile Tuzo ya Rais, President's Award, ambayo imekuwapo nchini tangu mwaka 1966, ambayo huwafanya wanafunzi wabebe mikoba mizito na kutembea mwishoni mwa juma wakitafuta nishani ya shaba, ya fedha na ya dhahabu? Mama yake ni tuzo ya Mtawala wa Edinburgh ya mwaka 1956, na Mtawala huyo, Prince Philip, alikuwa mwanafunzi wa Hahn. Kumbe tumekuwa tukila matunda ya mti huu miaka yote bila kuuliza nani aliupanda.

Kisa kingine kilichonifurahisha ni cha mashua. Wanafunzi wa kile chuo cha Wales walipewa kazi ya kuokoa watu baharini. Haikuwa kazi ya mchezo wala ya kupigiwa picha. Mashua walizokuwa nazo hazikufaa kwa mawimbi ya pale, basi wao na mkuu wao wa kwanza, Desmond Hoare, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, wakahangaika kwa miaka kutengeneza mashua yenye sakafu ngumu na ubavu wa mpira uliojazwa hewa. Haki ya uvumbuzi huo iliuzwa kwa shirika la uokoaji la RNLI kwa pauni moja tu. Mashua za aina hiyo leo utaziona duniani kote, kwa waokoaji na kwa wanajeshi. Vijana wa kidato cha tano hao!

Afrika nako hatukuachwa nyuma. Chuo cha Waterford Kamhlaba kilianzishwa mwaka 1963 karibu na Mbabane, katika nchi tuliyokuwa tukiiita Swaziland na ambayo tangu 2018 huitwa Eswatini. Mwalimu Michael Stern alikifungua ili watoto wa rangi zote wasome pamoja, hatua chache kutoka mpaka wa Afrika Kusini ya makaburu ambako jambo hilo lilikuwa haramu. Jina la Kamhlaba lilitolewa na Mfalme Sobhuza II, likiwa na maana ya dunia ndogo. Mabinti wa Nelson Mandela, Zenani na Zindzi, walisoma huko baba yao akiwa kifungoni. Chuo hicho kilijiunga na UWC mwaka 1981, na Mandela mwenyewe baadaye akawa rais wa heshima wa vyuo hivyo.

Cha karibu nasi zaidi ni UWC East Africa, chenye kampasi Moshi na Arusha. Kilianza mwaka 1969 kama shule ya kimataifa ya Moshi, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa hospitali ya KCMC, kikaingia katika UWC mwaka 2019. Ukipanda basi Nairobi asubuhi kupitia Namanga, jioni uko huko. Nilipomwambia dada yangu hivyo alitulia kidogo. Wales ni mbali, lakini Arusha amewahi kufika, kwenye harusi.

Sasa masomo yenyewe. Ni ya miaka miwili na mtihani wake ni wa IB, ulioasisiwa Geneva mwaka 1968. Mwanafunzi huchukua masomo sita, kila moja na pointi saba, na jumla ya juu kabisa ni 45. Huandika insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000. Na sharti lisiloepukika ni kwamba lazima afanye kazi za ubunifu, za mwili na za kuhudumia watu. Asipozifanya hapati cheti, hata akiwa bingwa wa Hisabati. Hapo wazazi wa kwetu, tuliozoea kuuliza "ulikuwa nambari ngapi?" na kufunga mjadala, huenda tukakohoa.

Wenye watoto wadogo wasicheke. Mtaala wa Umilisi uliochukua nafasi ya 8-4-4 una umilisi wa kimsingi saba, na mmojawapo ni uraia. Mwanao ataulizwa mambo haya upende usipende. Mpwa wangu ni wa kundi la mwisho la 8-4-4, wale watakaofanya KCSE mwaka 2027, na ndiyo maana jambo lake lilikuwa na uzito wa pekee.

Fedha? Kila nchi huwa na kamati yake ya kuchagua wanafunzi, na kuna kamati katika nchi zaidi ya 150. Nyingi huendeshwa na watu wa kujitolea, aghalabu waliosoma katika vyuo hivyo. Kijana huchaguliwa kwanza kwa alivyo, kisha uwezo wa familia hutazamwa ili ijulikane asaidiwe kiasi gani. Wengine hulipiwa kila kitu, wengine nusu. Nusu hiyo ndiyo inayohitaji kalamu na karatasi, mzazi mwenzangu. Nusu ya karo ya ng'ambo yaweza kuwa kubwa kuliko karo nzima ya hapa mara nyingi, na bado hujaweka tikiti ya ndege, viza, bima, sweta za baridi na sabuni. Ukiambiwa "amepata", uliza: amepata ngapi kwa mia?

Njia nyingine zipo. Mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa YES ambao jina lake kamili hubeba majina ya maseneta Kennedy na Lugar. Ulichukua wanafunzi kutoka nchi zenye Waislamu wengi au wa kutosha, wakiwemo wa Kenya na wa Tanzania, wakakaa na familia za Marekani mwaka mmoja wa shule kisha wakarudi kwao. Na hapa mjini zipo zile kongamano za wanafunzi za kuigiza Umoja wa Mataifa, ambako binti wa Kenya huweza kupewa kiti cha Brazil akaitetea siku nzima. Hizo hazihitaji pasipoti.

Sasa nirudi Kayole, kwenye baraza.

Shemeji alikuwa amerudi kutoka safari. Alinisikiliza hadi mwisho, miguu ameinyoosha, akinywa uji. Kisha akaniambia: "Shemeji, mimi nimevuka mipaka miaka kumi na minane. Malaba wananijua, Katuna wananijua. Sijasikia hata siku moja mtu akiniita raia wa dunia. Huniita 'wewe, leta makaratasi'."

Tulicheka, lakini yeye hakucheka sana. Alikuwa na maswali, na yalikuwa maswali ya haki. Akiondoka kabla ya KCSE, akirudi na cheti cha kigeni, nani atamtambua? Nilimweleza kwamba KUCCPS kwa kawaida huwapanga waliofanya KCSE, na kwamba mwenye cheti cha nje sharti kilinganishwe kwanza na vyetu ndipo agonge mlango wa chuo kikuu mwenyewe. Wengi wa wahitimu wa UWC huendelea Marekani, kwa kuwa tangu mwaka 2000 tajiri mmoja aitwaye Shelby Davis amekuwa akigharimia ufadhili wao katika vyuo vikuu vya huko. "Yaani miaka miwili inakuwa sita," alisema Shemeji. Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli.

Nikajaribu historia. Nikamkumbusha Tom Mboya, aliyezunguka Marekani mwaka 1959 akiomba nafasi za masomo, na ile ndege ya kwanza ya Septemba mwaka huo iliyobeba vijana 81 kutoka Nairobi. Wakoloni hawakuipenda safari ile. Wanakijiji waliuza mbuzi na kuandaa karamu za chai kuchanga nauli. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na hadi mwaka 1963 vijana karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka. Miongoni mwa walioondoka mwaka 1960 alikuwa msichana kutoka Nyeri aliyemaliza shule ya Loreto Limuru, akapelekwa mji mdogo wa Atchison huko Kansas kusomea Biolojia. Huyo ndiye Wangari Maathai.

"Na alirudi," nikasema kwa ushindi.

"Alirudi akakuta nini?" Mpwa wangu ndiye aliyeuliza. Alikuwa mlangoni kumbe anasikiliza.

Ikabidi niseme ukweli. Alirudi mwaka 1966 na barua ya kazi mkononi, kazi ya chuo kikuu, akakuta imepewa mtu mwingine. Ilimbidi aanze kutafuta upya, hadi profesa mmoja Mjerumani wa idara ya mifugo akamchukua. Mwaka 1971 akapata shahada ya uzamifu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati, 1977 akaanzisha Green Belt, na 2004 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini kati ya kushuka kwenye ndege na kupanda mti wa kwanza palikuwa na miaka kumi na mmoja ya kusukumana na watu wa nyumbani. Hilo huwa hatuwaambii watoto tunapowapeleka uwanja wa ndege.

Bibi, mama yetu, aliyekuwa kimya kwenye kona, alikuwa na swali moja tu. Hakuuliza kuhusu cheti wala viza. "Akirudi, atakaa jikoni nami?" Mpwa wangu alienda akaketi karibu naye, na nadhani hilo ndilo jibu lililompitisha.

Shemeji alikubali kwa shingo upande. Sharti lake: hakuna shilingi kutoka nyumba hiyo kabla hajaona majina ya watu halisi, na asilipwe mtu yeyote wa tai. Na hapa, kwa nyinyi mlioandika barua, nami nichukue sharti lake niligawe. Katika nchi nyingine huenda kukawa na ada ndogo ya fomu, sawa. Lakini hakuna anayeuza nafasi. Anayekuambia zimebaki nne, anayekataa usiongee na mwalimu mkuu wa mwanao, anayetaka fedha ziende kwa namba ya simu yake mwenyewe, anayekuahidi kabla mtoto hajaulizwa hata swali moja: huyo muage. Chuo halisi hukubali kuandikiwa moja kwa moja, nacho hujibu.

Ikabaki insha. Fomu ilimtaka mwombaji aeleze yeye ni nani na amefanya nini kwa ajili ya watu wengine. Mpwa wangu aliniletea kurasa mbili. Lahaula! Zilikuwa na amani ya dunia, mabadiliko ya hali ya anga, ndoto za bara la Afrika na neno "vijana ni viongozi wa kesho" mara tatu. Nilisoma nikahisi naisoma hotuba ya mgeni wa heshima siku ya kutoa zawadi.

"Ni nani aliyeandika hii?" nikamuuliza.

"Mimi, Mjomba."

"Hapana. Wewe uko wapi humu ndani?"

Alinuna. Nikanywa maji. Kisha nikamuuliza, si kwa insha bali kwa mazungumzo, yule mtoto niliyemkuta mlangoni akishika daftari ni wa nani. Akasema ni wa mlango wa pili, wametoka Kongo, upande wa Bukavu. Kayole ina familia nyingi za wakimbizi kutoka huko, mkaaji wa mtaa huo anajua. Mtoto yule alikuwa akichapwa maneno na wenzake darasani kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa "kibaya". Mwalimu akisema "toa daftari", yeye kwao angesema "tosha". Kwa darasa la Nairobi, kutosha ni kuenea, basi wakamcheka hadi akaacha kuongea kabisa. Miezi miwili shuleni bila neno.

Mpwa wangu alikuwa ameanza kukaa naye jioni kwenye ngazi za ploti. Mwanzoni alidhani anamsahihisha. Baadaye aliona kwamba mtoto hakosei. Anasema Kiswahili cha kwao, chenye sheria zake, na hata kiini chake kinaeleweka: kutoka, kutosha, ni kufanya kitu kitoke. Wakaandika daftari la safu mbili, "yetu" na "yenu". Kisamvu huku, sombe kule. Mama wa mtoto alipougua aliombwa asindikize hospitalini, kwa kuwa muuguzi na mgonjwa wote wawili walisema Kiswahili na hawakuelewana. Alikosa mtihani wa Kemia siku hiyo na hakumwambia mama yake sababu.

"Kwa nini hukuyaandika haya?" nikamuuliza.

"Haya? Haya ni mambo ya ploti, Mjomba."

Nilimwachia kalamu nikatoka nje. Insha ya pili ilikuwa ukurasa mmoja na robo. Sikusahihisha ila vituo.

Baada ya majuma kadhaa simu ililia saa moja asubuhi. "Mjomba, nimeitwa kwa mahojiano." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu aliyeshika yai. Nilimsindikiza mimi. Mama yake alikuwa sokoni, ilikuwa siku ya kufungua mizigo, na siku hiyo ukikosa huna biashara ya juma zima. Alipotoka nilimuuliza wamemuuliza nini. Alisema aliulizwa angefanyaje akipangwa chumba kimoja na mtu ambaye nchi yake inapigana na nchi ya rafiki yake.

"Ukajibu?"

"Nilisema ningemuuliza kwanza anaamka saa ngapi."

Hakuchaguliwa. Najua mlitaka niseme vingine, hata mimi. Walioitwa walikuwa wengi, nafasi ni chache, na waliopita bila shaka walistahili. Alilia siku mbili. Siku ya tatu Shemeji alipiga simu kutoka Malaba, akaongea naye muda mrefu, na sijui alimwambia nini, lakini jioni ile binti alirudi kwenye ngazi na daftari la safu mbili. Mama yule Mkongomani alileta sufuria ya sombe, akakaa na dada yangu hadi usiku. Umri wa mpwa wangu unamruhusu kujaribu mara moja zaidi, na ameniambia atajaribu, ila safari hii atafanya mtihani wake wa Kemia kwanza.

Baba wa Buruburu, natumaini nimekujibu.

Kifungu cha mwisho cha lile deni la chama nililipa mimi. Dada yangu aliikataa fedha mara mbili. Mara ya tatu aliipokea, akaihesabu mbele yangu noti kwa noti, akaniandikia risiti.